Tumlishe Kifaranga Kwanza: Wito kwa Wafugaji wa Kuchi wa Mollo

Ndugu zangu wa Mollo, na nyote mnaofuga kuku kwenye uwanda huu wa juu wa Ufipa, kuanzia Laela mpaka Namanyere, naomba tuketi kidogo tuzungumze habari za kifaranga. Jogoo wa kuchi hana haja ya msemaji. Akipita njiani na ile shingo yake ndefu na kifua chake cha wazi, watu wenyewe husimama wakauliza bei. Kifaranga wake ndiye asiye na wa kumsemea, na ndiye anayekufa.

Mwezi wa saba, baridi ya huku kwetu ilipokuwa imekaza, mama mmoja jirani yangu alinijia ameshika kifaranga wa kuchi aliyekufa usiku. Alikuwa wa wiki tano. Mgongo mtupu, mabawa yana vijiti vya manyoya ambavyo bado havijachanua, kifua kimechongoka kama wembe. Mama alikwisha kumpa maji ya shubiri mwitu, akampa na dawa ya dukani. Tukaamua kumpasua, juu ya kipande cha gunia, kwa kisu cha jikoni kilichochakaa. Gole lilikuwa limejaa. Firigisi nayo ilikuwa imejaa. Ndani tulikuta chenga nyeupe za mahindi, vijiwe vitatu na unyasi mmoja. Basi. Hapakuwa na mguu wa mdudu wala gamba la dagaa. Yule mama akanitazama, akauliza, "Sasa huyu amekufaje kwa njaa na tumbo limejaa?"

Nilimjibu kwamba baridi ndiyo iliyomuua, ila ilimkuta hana koti. Na koti la kuku hushonwa kwa protini.

Unyoya wa kuku karibu wote ni protini, tena ya aina yenye salfa nyingi. Kifaranga anapoota manyoya anajenga vitu viwili kwa wakati mmoja, mwili na vazi, na vyote viwili vinachota kwenye chungu kimoja. Kuku wengi wa kienyeji huvaa mapema. Kuchi huchelewa, ndiyo asili yake, na hata akikua manyoya yake ni machache na yamebana. Kule pwani, Tanga au Unguja, joto humsitiri akiwa bado uchi. Sisi tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kila mmoja wetu anaujua. Ndiyo maana nasema kwamba anayemleta kuchi Mollo halafu akamlisha kama kuku yeyote yule, anamleta kufa.

Kuchi ni mgeni wa siku nyingi. Vinasaba vyake vimechunguzwa na vikaonekana kukaribiana na vya kuku wa kivita wa Japani waitwao Shamo, jambo lisiloshangaza kwa pwani iliyopokea vyombo vya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, walipopima aina mbalimbali za kuku wetu wa asili mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuchi walitokea wazito: jogoo wastani wa kilo 2.7, mitetea kilo 1.8. Kwa kuku wa asili, huo ni uzito wa kujivunia. Mtetea wake si hodari wa kutaga, lakini jogoo wake akipandishwa kwa mitetea yetu ya kienyeji huleta watoto wenye nyama. Hapo ndipo ninapomtakia makazi Mollo: kwenye chungu, kwenye mbegu na kwenye mfuko wa mama anayeuza jogoo ili alipe ada ya shule. Kumpiganisha uwanjani mpaka atoboke jicho sikuungi mkono. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tusimtese mnyama tuliye naye, nami naiona ni sheria ya haki.

Sasa turudi kwenye lile gole lililojaa mahindi.

Mahindi ni heshima yetu. Kwa miaka mingi Rukwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne ya kulisha taifa, na malori yanayopakia Sumbawanga kila msimu ni ushahidi. Lakini kilo moja ya mahindi ina protini ya gramu 80 hadi 90 tu. Kifaranga wa wiki za mwanzo anahitaji gramu 180 hadi 200 katika kila kilo ya chakula chake. Mpe mahindi mpaka gole lipasuke, bado hatavuka nusu, kwa sababu tumbo linajaa kabla ya hesabu kutimia. Na hata hiyo nusu ina pengo. Protini imeundwa na viungo vingi vidogo, na mahindi yana uhaba mkubwa wa kimoja kiitwacho laisini. Mwili ukikosa laisini, vile viungo vingine vilivyopatikana haviwezi kujenga nyama; vinavunjwa na kutupwa. Ile nyeupe unayoiona juu ya kinyesi cha kuku ndiyo mabaki yake.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu kifaranga hayuko peke yake katika jambo hili. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa 2022 ulikuta kiwango kimepungua, lakini bado ni karibu nusu ya watoto wetu. Mkoa unaolisha wengine ndio huo huo wenye watoto wafupi kuliko umri wao. Sababu ni nyingi: maradhi ya kuhara, maji, mama anayeshinda shambani na mtoto mgongoni. Mojawapo, hata hivyo, iko sahani moja na ile ya kifaranga: ugali mwingi, mboga kidogo, na yai linalouzwa badala ya kuliwa. Tukijua kumlisha kifaranga vizuri tutapata mayai na nyama za kutosha kuuza na kubakiza. Ndiyo maana naliita jambo hili la kijiji kizima, si la wenye kuku peke yao.

Wazee wetu wa Kifipa hawakuidai ardhi bila kuilisha. Waliyafukia majani ndani ya matuta ya ntumba, wakayaacha yaoze, ndipo wakasambaza udongo na kupanda ulezi. Walijua kwamba huwezi kuvuna usichokiweka. Mfugaji wa kuku anahitaji akili ile ile.

Tuseme viwango, maana hapa ndipo wengi tunapotea njia. Kifaranga wa kuchi tangu kutotolewa mpaka wiki ya nane apewe chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Baada ya hapo, akiwa anakua, asilimia 15 au 16 inamtosha mpaka apevuke. Kuchi hukomaa polepole, tumpe muda wake. Ukimsukuma kwa chakula cha kuku wa nyama wa kisasa, nyama inakuja haraka kuliko mifupa na miguu ile mirefu inapinda. Mtetea anayetaga abaki kwenye asilimia 16, pamoja na chokaa ya kutosha kwa ajili ya ganda la yai. Jogoo aliyekwisha kukomaa, anayetembea uani na kupanda mitetea, hana ujenzi mkubwa mwilini. Asilimia 12 hadi 14 inamweka sawa. Anapobadili manyoya tu ndipo tumpandishe hadi 16, kwa sababu wakati huo anashona koti upya.

Chakula cha mayai cha dukani kisipewe vifaranga hata kama ndicho kilichobaki dukani siku hiyo. Kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda, na chokaa hiyo inaharibu figo za kuku mchanga.

Wako vijana wetu wanaoamini kwamba jogoo akijazwa dagaa, nyama na mayai mabichi ndipo anapokuwa shujaa. Naomba wanisikilize bila hasira. Mwili wa kuku hauna ghala la protini. Kinachozidi leo kinavunjwa leo, figo zinafanya kazi ya ziada, jogoo anakunywa maji mno, kinyesi kinakuwa majimaji, na banda linatoa ile harufu kali inayochoma macho ya kuku na ya mfugaji. Fedha ya dagaa nayo inatoka hivyo hivyo kwenye kinyesi. Katika nyua nyingi nilizopita nimeona jogoo mmoja amenenepa kwa dagaa huku vifaranga kumi wanagombania punje kando yake. Tumepindua mambo. Dagaa ile ile ingegawiwa wale kumi, mwakani tungekuwa na majogoo watano wa kujivunia.

Protini yenyewe tunayo hapa hapa. Ufipa inalima alizeti, na mashine za kukamua mafuta ziko Sumbawanga mjini. Yanayobaki baada ya mafuta kutoka, yaani mashudu, yana protini ya kuanzia asilimia 20 na kitu hadi kuvuka 30, kulingana na wingi wa maganda. Ukiyaona meusi, makavu, yamejaa maganda, ujue yako chini. Hayo yachekeche kwanza, zile chembe laini uwape vifaranga na maganda umpe ng'ombe. Mengi ya mashudu haya tunayaacha yaende zake kwa bei ya kutupa, halafu tunanunua mfuko wa chakula uliosafiri kutoka mbali, ndani yake wamechanganya mashudu yale yale.

Upande wa magharibi tuna Ziwa Tanganyika. Dagaa wa Kirando, Kabwe na Kasanga wakikauka vizuri wana protini inayozidi nusu ya uzito wao, na laisini wanayo tele. Alizeti kwa upande wake ina upungufu wa laisini lakini ina methionini, kile kiungo cha protini chenye salfa kinachotakiwa na manyoya. Kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Kwa kifaranga wa kuchi wa nchi ya baridi, mimi sijaona ndoa nzuri kuliko hiyo.

Lakini dagaa wa kuku wana ujanja mwingi sokoni. Kabla ya kulipa, chukua kikombe cha maji safi, tia kiganja kimoja cha hiyo chenga ya dagaa, koroga, subiri mpaka maji yatulie. Dagaa wepesi watabaki juu au katikati. Mchanga utashuka chini na kulala. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya muuzaji na mchanga ukawa na unene wa kidole kizima. Kisha onja kidogo kwa ulimi: ikiwa chumvi inauma, usinunue, maana chumvi nyingi inaua vifaranga upesi sana. Na dagaa wazuri, wale wazima wenye kung'aa, tuwaachie watoto wetu. Kuku wapewe vichwa na chenga.

Asiye na fedha ya dagaa asikate tamaa, kwani vichuguu vya Mollo vimejaa mchwa. Chukua chungu cha zamani au kibuyu kilichopasuka, kijaze mabua makavu yaliyolowanishwa na samadi kidogo, kifudikize juu ya tundu la kichuguu jioni, ukifunike na majani. Asubuhi kabla jua halijakaza, kifunue polepole. Mabua yatakuwa yanatembea. Kung'uta hapo hapo mbele ya vifaranga na utawaona wanavyokimbilia. Hiyo ni protini isiyo na risiti, na watoto wa shule wanaweza kuifanya kazi hiyo kabla ya kwenda darasani.

Soya nayo ni nzuri sana, ila ikaangwe au ichemshwe kwanza. Mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni. Na maharage, ambayo tunayo kwa magunia, ni hatari yakiwa mabichi. Zile chenga tunazopepeta na kuwamwagia kuku uani zina sumu inayochubua utumbo. Zichemshwe mpaka ziive kabisa au zifukiwe shambani.

Sasa tuchanganye. Kwa kilo 100 za chakula cha vifaranga, chukua mahindi yaliyoparazwa kilo 43, pumba za mahindi kilo 18, mashudu ya alizeti yaliyochekechwa kilo 22, dagaa waliosagwa kilo 14, unga wa mifupa au chokaa ya mifugo kilo 2, chumvi nusu kilo, na nusu kilo ya mchanganyiko wa vitamini na madini kutoka duka la mifugo. Ukihesabu mahindi kwa asilimia 9, pumba 10, mashudu 26 na dagaa 55, jumla inafika asilimia 19. Dagaa wako wakiwa na chumvi yoyote, ile nusu kilo iache kabisa. Kwa jogoo aliyekomaa, weka mahindi kilo 50, ngano 10, pumba 20, mashudu 12, dagaa 5 tu, chokaa 2, na zile nusu mbili za mwisho. Hapo unapata asilimia 13 na nusu. Tazama tofauti ya dagaa kati ya hao wawili: 14 kwa mtoto, 5 kwa mtu mzima. Katika nyua zetu huwa ni kinyume.

Tafadhali tupime kwa mizani. Debe la mahindi lina kilo kama 18. Debe la pumba haliufikii uzito huo hata ukilishindilia kwa ngumi. Anayechanganya kwa debe na sado bila kujua uzito anachanganya kwa kubahatisha, halafu kifaranga asipokua anailaumu mbegu. Vile vya kilo chache, chumvi na vitamini, vichanganywe kwanza na kiganja cha unga kwenye beseni, kisha ndani ya ndoo, ndipo viingie kwenye rundo. Ukivimwaga moja kwa moja juu ya rundo, kuku mmoja atakula chumvi ya wote.

Kuna jambo la majira ambalo halisemwi sana. Kuku anayejitafutia hali chakula kile kile mwaka mzima. Mvua zikianza Novemba wadudu wanatapakaa, kumbikumbi wanaruka, majani ni mabichi. Protini iko nje, lakini nafaka ndani ya nyumba zimekwisha. Wakati huo kuku anahitaji uongeze punje. Tukishavuna, kuanzia Juni, punje zimemwagika kila uwanja, wadudu wamejificha na majani yamekauka. Wakati huo anahitaji mashudu na dagaa. Sisi tukiona mahindi yamejaa uani tunadhani kuku wameneemeka, kumbe ndio msimu wao wa njaa, tena umeangukia kwenye baridi. Kifaranga yule tuliyempasua alikufa katikati ya mavuno.

Na mahindi yaliyoota ukungu yasiende kwa kuku. Najua desturi yetu: gunia likilowa, yanayofaa tunapeta, yaliyooza tunawamwagia kuku. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu isiyoonekana wala kuonjeka, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuku anayeila ini linaharibika, kinga ya mwili inashuka, na hata chanjo inaweza isishike vizuri. Tukaushe mahindi juu ya turubai, tuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na yaliyooza tuyafukie.

Kuhusu mdondo nitasema kwa ufupi kwa kuwa kila mfugaji amekwisha kulia: tone moja la chanjo ya I-2 jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wote wa kijiji siku moja. Chakula bora hakizuii mdondo.

Baada ya hayo yote, ombi langu ni lipi?

Ninaomba kila kitongoji cha Mollo kiwe na mizani moja ya wote na siku moja ya mwezi ya kuchanganya chakula pamoja. Mtu mmoja akinunua kilo 14 za dagaa anapangiwa bei. Watu ishirini wakinunua magunia, wao ndio wanaopanga. Mashudu tuyanunue mashineni wakati wa mavuno ya alizeti, yakiwa mapya, kwa sababu yakikaa mno yanachacha. Dagaa tuwanunue kabla ya ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na miezi hiyo ndiyo hasa ya baridi na ya njaa ya vifaranga wetu. Asiyeweka akiba Aprili hana wa kumlaumu Julai.

Kina mama na vijana walio kwenye vikundi, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kwa mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ipo kwa ajili ya kazi kama hii. Mashine ndogo ya kuparaza na kusaga ni mradi wa kikundi kabisa. Andikeni ombi, mkikwama kwenye hesabu, mwendeeni afisa mifugo wa kata, ndiyo kazi yake.

Nanyi wenye mashine za kukamua alizeti, tuuzieni mashudu hapa kwanza kabla lori halijapakia. Wenye maduka ya vyakula vya mifugo, tunataka kuona kwenye mfuko asilimia ya protini na tarehe ya kutengenezwa. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 ipo ili tusiuziwe chakula hafifu, na mnunuzi anayeuliza si mkorofi. Walimu, chagueni darasa moja lipime vifaranga kila Ijumaa na kuandika uzito ubaoni. Watoto watajifunza asilimia vizuri kuliko kwenye kitabu chochote. Wenzetu mlioko Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam, mkija likizo na zawadi, mleteeni mama mizani ya kilo 50. Ataitumia kuliko kitenge cha kumi.

Na kila mwenye kuku, hata mwenye mtetea mmoja, naomba afanye hili leo jioni: achukue tenga kuukuu, atanue matundu yake kiasi ambacho kifaranga anapita na mama yake hapiti, alifudikize uani, na ndani yake aweke chakula cha vifaranga peke yao. Haligharimu kitu. Mkubwa hatamnyang'anya mdogo tena.

Yule mama jirani yangu alifanya hivyo. Mtetea wake alitotoa tena mwezi wa tisa, vifaranga kumi na mmoja. Wiki ya tano nilikwenda kuwahesabu: walikuwa tisa, na nilipomshika mmoja na kupuliza manyoya ya mgongoni sikuiona ngozi kwa urahisi. Septemba si Julai, joto limetusaidia, mimi na yeye tunalijua hilo. Mtihani wenyewe ni baridi ijayo. Kwa hiyo mwenye mizani alete mizani, mwenye alizeti alete mashudu, mwenye ndugu Kirando ampigie simu sasa hivi, na tukutane kuchanganya kabla Juni haijafika.